Silinda namba 3 na hewa iliyokuwa ikitoroka

Siku ndege yangu iliporuka mara ya kwanza sikuona mandhari yoyote. Macho yalikuwa kwenye geji ndogo upande wa kulia wa dashibodi, ile yenye namba nne, moja kwa kila silinda. Nilipopita futi 1,500 juu ya uwanja, silinda namba 1 ilisoma nyuzi 372 za Farenhaiti. Namba 3 ilikuwa 429 na bado inapanda. Kabla sijafika futi 2,000 ikawa 438, sawa na nyuzi 226 za Selsiasi. Nikashusha pua, nikapunguza mafuta, nikageuza kurudi. Miaka sita ya kujenga, na safari ya kwanza ikadumu dakika kumi na moja.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Naishi Texas, kusini mwa Fort Worth, na kazi inayonilisha ni kufunga mabomba ya bati ya viyoyozi kwenye majengo. Ndege yangu ni ya alumini, ya viti viwili. Niliinunua ikiwa vipande ndani ya makasha, nikaipiga ribiti jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Marekani sheria inaruhusu: ukithibitisha kwamba zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na wajenzi wenyewe kwa kujifunza na kwa kupenda, FAA, mamlaka ya anga ya huko, inakupa cheti cha ndege ya majaribio. Halafu unairusha kwanza katika eneo ulilopangiwa, mimi nilipangiwa saa 40, ndipo uruhusiwe kupakia abiria. Injini ni Lycoming O-320 ya nguvu farasi 160. Silinda zake nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na zinapozwa na hewa. Hakuna rejeta ya maji.

Kila nilichosoma kuhusu jambo hili nilikisoma kwa Kiingereza. Nilipotaka kumweleza shemeji yangu kwenye simu nilihangaika kutafuta maneno, na nikaona ni vizuri maneno hayo yawepo. Ndiyo sababu naandika.

Hewa inaingia kwa mbele, kwenye matundu mawili, moja kila upande wa propela. Inajaa chumba kilicho juu ya silinda. Chumba hicho kimezungushiwa mabati, na ukingoni mwa mabati kuna ukanda wa mpira unaogusa upande wa ndani wa boneti, ili hewa isipite juu yake. Kwa utaratibu, njia ya kutoka ni moja tu: kushuka chini katikati ya mapezi ya silinda, zile mbavu nyembamba za chuma na alumini zilizopangwa kama kurasa za kitabu. Ikishuka inabeba joto, inafika chumba cha chini, kisha inatoka nyuma kwenye mwanya ulio chini ya ndege. Juu kuna msukumo mkubwa, chini kuna msukumo mdogo. Tofauti ya misukumo hiyo miwili ndiyo inayopoza injini.

Aliyekulia nyumba ya pwani anaijua habari hii bila kufundishwa. Chumba chetu cha kulala pale Tanga kilikuwa na dirisha kubwa upande wa bahari. Upepo wa kusi ukivuma, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, pazia linatikisika kidogo na ndani mnatoka jasho. Bibi alikuwa akiamka usiku kufungua mlango wa uani, basi, chumba kizima kinapumua. Ukubwa wa dirisha haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba upepo ulipata pa kwenda, na ukalazimika kupita pale tulipolala.

Nilijua haya yote, na kazini nayafanya kila siku, lakini nilipoona 438 akili yangu ilikimbilia kwenye dirisha. Nikataka kupanua matundu ya mbele.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi ndege. Alianzia Wilson, Nairobi, uwanja ulio juu ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi hata kabla hujaondoka ardhini. Miaka mingi aliimalizia chini ya Cessna 206, ndege ndogo ya injini moja. Siku hizi yuko Dallas, kwenye ndege kubwa. Nilimpigia usiku uleule.

"Shemeji, namba tatu imefika mia nne thelathini na nane."

"Na zingine?"

"Moja na mbili ziko mia tatu sabini na kitu. Nne, mia nne na tano."

Akanyamaza kidogo. "Usikate kitu," akasema. "Najua mkasi umeshaushika. Uweke chini. Ufa unazibika, lakini tundu ukishalitoboa kwenye boneti ni lako maisha."

Akaniambia nianze na geji yenyewe. Huo ni ushauri ambao ningeurudia kwa mtu yeyote. Nilizifungua sensa za namba 1 na namba 3, nikazitumbukiza ncha zake kwenye sufuria ya maji yanayochemka juu ya jiko dogo la gesi pale hanga. Zote mbili zikasoma 211, karibu 100 za Selsiasi. Kisha nikazibadilisha: ya 1 nikaifunga kwenye 3, ya 3 kwenye 1. Niliporuka tena, joto lilibaki palepale, kwenye silinda namba 3. Basi geji ilikuwa inasema kweli.

Lycoming inaweka kikomo cha joto la kichwa cha silinda kuwa nyuzi 500, yaani 260 za Selsiasi, lakini inashauri kwamba anayetaka silinda zidumu asikae juu ya 435 anaposafiri kwa nguvu nyingi. Mimi nilijiwekea 400. Kichwa cha silinda ni alumini, na alumini hupoteza nguvu kwa kasi kadiri joto linavyopanda kwenye eneo hilo, muda mrefu kabla haijafikia kuyeyuka. Huoni kitu kwa macho. Vali zinachakaa mapema, kichwa kinapata ufa, na siku moja kompresheni imekwisha.

Hapa nina jambo la kukiri. Injini ilikuwa mpya, na injini mpya huwa na joto zaidi katika saa za mwanzo, mpaka ringi za pistoni zikae vizuri kwenye kuta za silinda. Ni kweli kabisa. Lakini nilikitumia kisingizio hicho kama blanketi. Niliruka saa nne nzima nikijiambia "itatulia, ni upya tu," huku nikipunguza mafuta kila namba 3 inapokaribia 430. Namba 1 na 2 zilikuwa zimeshatulia kufikia saa ya tatu. Kama ungekuwa upya pekee, zingetulia zote pamoja. Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu: silinda nne za umri mmoja, zinachoma mafuta yaleyale, zimepishana kwa zaidi ya nyuzi 60.

Kabla sijaanza kuziba chochote nilifanya jaribio ambalo sikupaswa kulifanya mapema vile. Niliinua kipande cha bati mbele ya namba 1, kimo cha milimita 40, ili hewa iiruke silinda hiyo ya mbele iende kwa namba 3 iliyo nyuma yake. Nilikuwa nimeona ndege za wenzangu zina kipande kama hicho. Matokeo: namba 1 ikapanda kutoka 372 hadi 398. Namba 3 ikashuka nyuzi 5 tu. Nilimnyang'anya mmoja, na nilichokichukua hakikumfikia mwenzake. Hapo ndipo nilipojiuliza swali lililonisaidia kuliko yote: kama hewa imetoka kwa namba 1, na haikufika kwa namba 3, imekwenda wapi?

Mafundi uashi wa kwetu hulinganisha msingi wa nyumba kwa mpira mrefu unaopitisha mwanga, uliojaa maji. Mmoja anashika ncha hii kwenye kona, mwingine ncha ile kwenye kona ya pili, maji yanasema ukweli. Nilichukua mpira wa namna hiyo, mwembamba, nikaukunja kama herufi U kwenye ubao, nikaujaza maji yenye rangi nyekundu ya keki nusu yake, nikachora mistari ya milimita pembeni. Ncha moja niliiunganisha na kijibomba kilichoingia chumba cha juu ya silinda. Ncha nyingine ikaenda chumba cha chini. Vijibomba hivyo niliviziba mdomoni na kuvitoboa matundu madogo ubavuni, visije vikapigwa na upepo wa moja kwa moja na kusoma uongo. Ubao niliufunga kwenye kiti cha abiria, miguu miwili ya U ikiwa kushoto na kulia. Ukiiweka mbele na nyuma, ndege ikiinua pua maji yanahama yenyewe na unasoma mwinuko badala ya msukumo. Kamera ndogo ikarekodi, mimi nikarusha ndege.

Hesabu yake ni hii. Upepo wa noti 85, yaani maili 85 za baharini kwa saa, ukisimamishwa wote unaweza kuinua maji milimita 119. Huo ndio utajiri wote ulio nao unapopanda kwa mwendo huo, ukiacha kidogo unachoongezewa na propela. Mimi nilisoma 68. Karibu nusu ya msukumo niliopewa bure na mwendo wa ndege ilikuwa inapotea kabla haijafanya kazi.

Nilipomtumia shemeji ile video alinijibu kwa neno moja: "Nyufa."

Alikuja Jumamosi. Alisema tusubiri giza. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mbili, akaomba kuja, na kwa kweli yeye ndiye aliyefanya kazi kubwa usiku ule, kwa sababu mikono yake inapita mahali ambapo yangu inakwama. Tulifunga boneti ya juu, tukazima taa zote za hanga. Shemeji akaingiza taa ya kazi kwenye tundu la mbele upande wa kushoto, mimi na binti tukalala chali sakafuni, tukachungulia juu kupitia mwanya wa kutokea hewa.

Nilitarajia kuona mwanga hafifu uliochujwa na mapezi. Nikaona mistari. Mstari mmoja mrefu, mweupe, unaopita nyuma ya namba 4 chini ya rejeta ya oili. Kipande kama nusu mwezi kwenye kona ya nyuma kulia. Nukta tatu pale nyaya za plagi zinapopenya bati. Chini ya silinda, pale mabati mawili yanapokutana, mwanga ulimwagika mwingi hata ukamulika mkono wa binti yangu.

"Baba, hapa naingiza kidole," akasema.

Aliingiza kidole. Kisha cha pili.

Tuliandika kila ufa kwenye karatasi, urefu na upana. Nilipojumlisha nilipata karibu sentimita 60 za mraba. Ni zaidi ya eneo la kadi ya benki. Ukiutazama kila ufa peke yake ungesema si kitu, milimita mbili, milimita tatu. Kazini, mteja akilalamika kwamba chumba cha mwisho hakipoi, la kwanza ninalofanya ni kupapasa maungio ya bomba kwa kiganja. Sijawahi kumwambia mtu aongeze feni kabla ya kuziba maungio. Kwenye ndege yangu sikuwa nimepapasa hata ungio moja.

Hewa haina subira ya kupita kati ya mapezi membamba, ambako inasuguana na kuta pande zote, ikiwa pembeni kuna mwanya mpana usio na kizuizi. Itapita mwanyani. Na hewa iliyopita mwanyani inafanya hasara mbili: haikubeba joto la silinda, halafu inajaza chumba cha chini na kupandisha msukumo kule ambako tunautaka ushuke. Ndiyo maana sentimita 60 zinauma kuliko zinavyoonekana.

Kuziba kulichukua wiki mbili za jioni. Ufa wa zaidi ya milimita 3 niliuwekea kipande cha alumini kilichopigwa ribiti, kwa sababu silikoni peke yake kwenye pengo pana hutikisika hadi ichanike. Uliobaki nilijaza silikoni nyekundu ya kustahimili joto, baada ya kusafisha oili kwa asetoni mpaka kitambaa kibaki cheupe. Usipofika hapo kwenye usafi, silikoni itabanduka kama ganda la ndizi baada ya safari tano. Nyaya za plagi zilipata vikombe vya mpira. Chini ya rejeta ya oili niliweka fremu nzima mpya.

Ukanda wa mpira wa juu ulihitaji mbinu nyingine, kwa sababu boneti ikifungwa huwezi kuona kinachogusa na kisichogusa. Nilipaka chaki ukingo wote wa mpira, nikafunga boneti, nikaibana skrubu zake zote, nikafungua tena. Chaki ikaacha mstari ndani ya boneti, na mstari ulikatika sehemu mbili. Sehemu moja mpira ulikuwa mfupi. Ya pili, kona ya nyuma kushoto, ndiyo iliyoniumiza moyo, kwa sababu niliufunga mpira ukiwa umepindia nje. Mpira unatakiwa upinde kuelekea ndani, kwenye chumba chenye msukumo, ili hewa yenyewe iukandamize kwenye boneti; hewa ikizidi, unabana zaidi. Ukipindia nje, hewa inaufungua kama mdomo wa mfuko wa rambo. Ndege ikiwa imesimama unaonekana umefunga vizuri. Angani unafunguka. Taa ya usiku isingeuonyesha, na chaki nayo ingeweza kunipita kama sikuwa nimeuangalia upande wake.

Tukaruka tena na ule ubao. Kwa noti 85, maji yalisimama kwenye 97. Namba 4 ikashuka hadi 381. Namba 1 na 2 zikashuka kidogo, nikaondoa na kile kipande cha milimita 40. Namba 3, 418.

Ilikuwa nafuu kubwa, ila bado ilikuwa juu ya 400, na Texas ilikuwa inaingia Julai.

Hili la namba 3 lina sababu yake mahsusi na nataka nilieleze taratibu. Vichwa vya silinda vya injini hii vina umbo moja, iwe ni silinda ya kulia au ya kushoto. Kila kichwa kina upande wenye mapezi marefu na upande mwingine ambapo mapezi ni mafupi mno, karibu hayapo. Ukikifunga kichwa upande wa kulia wa injini, ule upande mkavu unatazama nyuma. Ukikifunga kushoto, unatazama mbele. Kwa namba 1 na namba 4 haina shida, upande huo unatazama silinda mwenzake na kuna nafasi. Lakini namba 3 iko nyuma kulia, upande wake mkavu unatazama bati la nyuma. Na bati langu la nyuma, nililolipinda kwa uangalifu na kulikaza kwa fahari, lilikuwa limelalia vichwa vya mapezi yale mafupi. Hewa haikuwa na pa kushukia. Nilikuwa nimeliziba pezi lenyewe nikidhani naziba ufa. Namba 2, mbele kushoto, ina hali ileile upande wa mbele, ila yenyewe inapigwa na upepo mbichi kutoka kwenye tundu, kwa hiyo inavumilia.

Dawa yake ilikuwa washa mbili, vile vipete bapa vya bolti. Nililegeza bolti inayoshika bati kwenye kichwa cha namba 3, nikaweka washa mbili katikati, bati likasogea nyuma kama milimita 4. Juu niliacha mdomo wazi ili hewa iingie mfereji huo, pembeni nikaziba ili isikimbie kabla ya kushuka hadi chini. Nilipomulika taa kutoka juu, safari hii nilifurahi kuona mwanga: ukanda mwembamba, wa kimo chote cha kichwa, ukipita juu ya mapezi mafupi. Tofauti kati ya mwanga huu na ule wa usiku wa kwanza ni kwamba huu unapita kwenye chuma chenye joto.

Jambo la pili lilikuwa chini. Kuna mabati yanayokumbatia silinda kwa chini, katikati ya ile ya mbele na ya nyuma. Kazi yake ni kuilazimisha hewa iendelee kuishika silinda hadi tumboni, isiiache ikifika nusu. Yangu yalikuwa yamening'inia milimita 10 chini ya mapezi. Hapo ndipo vidole vya binti yangu vilipoingia. Nikayavuta juu kwa fimbo nyembamba ya chuma inayopita katikati, nikaivisha bomba la plastiki gumu la kustahimili joto kila mahali inapokaribia kitu, maana injini hutetemeka na fimbo tupu itakata chochote kama msumeno.

Niliruka asubuhi, nyuzi 29 za Selsiasi nje, nikapanda kwa mafuta yote hadi futi 4,500. Namba 3 ilifika 396 ikasimama. Nilikaa nikiitazama isogee, haikusogea.

Wakati huo nilikagua na mengine, na nayataja ili asije mtu akadhani joto la silinda ni hewa tu. Taiming ya plagi, yaani wakati wa kutoa cheche, ilikuwa nyuzi 25 za mzunguko wa injini kabla ya kilele cha pistoni, kama bamba la injini linavyosema. Ikiwahi zaidi ya hapo, silinda zinapata moto hata ukiziba kila kitu. Mchanganyiko wa mafuta ulikuwa mzito wa kutosha wakati wa kuruka. Bomba za kuingizia hewa kwenye silinda hazikuvuja. Kompresheni ya namba 3, kwa kipimo cha 80, ilisoma 77, na hapo nilishusha pumzi niliyoishikilia tangu siku ya kwanza.

Mwanya wa kutokea hewa ndio sehemu pekee nilipoongeza kitu kipya. Ukuta wa moto unaotenga injini na chumba cha rubani unaishia chini kwa pembe kali, na hewa inayoshuka nyuma ya injini inapaswa kugeuka ghafla pale ili itoke. Nilikunja karatasi ya chuma kisichoshika kutu ikawa nusu duara, kama kona laini tunayoweka kwenye bomba la kiyoyozi, nikaifunga kwenye pembe ile. Silinda zote nne zikashuka kati ya nyuzi 5 na 8, bila kupanua mwanya hata milimita moja. Wahandisi wa NACA, shirika la Marekani la utafiti wa ndege la wakati huo, kule Langley, Virginia, walionyesha kitu cha jamii hiyo mwaka 1928 walipofunika injini ambazo silinda zake zimepangwa kwa duara: kifuniko kilichobuniwa vizuri kilipunguza sana upinzani wa upepo na injini bado ikapoa. Walipewa Tuzo ya Collier ya 1929 kwa kazi hiyo. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo miaka mingi kabla, nikaihesabu kuwa ya historia.

Nilibadilisha pia namna ninavyopanda. Baada ya kuvuka vikwazo vya mwisho wa uwanja nashusha pua kidogo, nakwenda noti 100 badala ya 85. Ule utajiri wa milimita 119 unakuwa 165. Ni zaidi ya theluthi moja ya nyongeza, kwa kusukuma fimbo mbele kidogo tu. Unapanda polepole zaidi, ni kweli. Siku ya nyuzi 38 za Selsiasi sijutii.

Saa 40 zilipokamilika, abiria wangu wa kwanza alikuwa mke wangu, na wa pili shemeji. Yeye hakutazama chini hata mara moja. Alikunja mikono, akakodolea geji tangu tunaondoka hadi futi 6,500. Namba 3 ilifika 391, namba 2 388, namba 1 na 4 zikabaki karibu 375. Akaniuliza, "Ile kona ya kushoto uliigeuza mpira?" Nikamwambia niliigeuza. Akasema wakiwa Wilson walikuwa wakifungua milango ya boneti ya 206, ile ya kutolea hewa ya injini, kabla hawajaingia njiani, na kwamba rubani aliyeisahau alirudi na harufu. Baada ya hapo ndipo alipogeuka kutazama dirishani.

Kila mwaka ukaguzi ukifika natoa chaki na taa kabla sijatoa spana yoyote. Mwezi Desemba uliopita namba 4 ilikuwa imepanda nyuzi 9 kwa muda wa miezi miwili, kidogo kidogo, ningeweza kusema ni hali ya hewa. Binti yangu, ambaye sasa ni mrefu kuliko mimi, alilala chini na kusema anaona mwanga nyuma ya rejeta ya oili. Mpira ulikuwa umechanika sentimita tatu pale unapokutana na skrubu. Tulikata kipande kipya, tukakiacha silikoni ikauke usiku kucha, na kesho yake mchana namba 4 ikarudi ilipokuwa.